Sosi Nyeusi Kwenye Mchicha wa Mfungo

Sydenham,
Durban.
Alhamisi, 9 Oktoba 2025.

Mpendwa dada Ernestina,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Hamjambo hapo Moshi? Goti la mama limetulia? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyo haujakaa mahali pake tangu juzi Jumanne. Ningekupigia simu, lakini wewe ukisikia sauti yangu imebadilika utamwambia mama kabla sijamaliza kueleza.

Anti Saroja, bibi ninayempikia, yuko kwenye mfungo wa Kitamil wa Purtassi. Mwezi mzima nyama, samaki wala yai haviingii humu ndani, na sufuria zimebadilishwa zote. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, kisu hakishiki, kwa hiyo hata chakula kinachowekwa mbele ya taa ya maombi napika mimi. Mwaka wa sita huu, dada. Mkristo wa Moshi ninaachiwa chakula cha Mungu wake. Majirani walimsema sana, naye akawaacha waseme.

Sasa huyu mkwewe, Kamini, ana mkono wa majaribio. Dengu anaziunga kwa mafuta ya zeituni, chapati anazijaza jibini ya Kiitaliano, kwenye mchuzi wa njegere anatia tofu ya Wachina. Nilikuwa namcheka kimoyomoyo, mpaka nilipoonja. Ndiye aliyenifundisha kukaanga mchicha kwa vitunguu saumu na masala, halafu kijiko cha sosi nyeusi nzito ya Kichina. Mfungo ulipoanza yeye alikuwa amesafiri kikazi, nami nikaendelea na mchicha wangu. Ni majani, nani angeiwazia chupa? Maandishi yenyewe Kichina kitupu.

Anti aliupenda. Jumamosi iliyopita niliuweka mbele ya taa, na keshokutwa, Jumamosi ya mwisho ya mfungo, ameuomba tena kwa ajili ya ukoo wote.

Jumanne nikaenda kununua chupa nyingine dukani karibu na Warwick Junction. Anauza pale Gloriose, yule Mkongomani tunayesali naye. Akaishika chupa.

“Eish, Sia, bibi yako si iko anafunga? Hii iko na chaza ndani, ile nyama ya bahari ya mu coquille, mu gamba yake.”

Nilimrudishia chupa. Nilirudi mikono mitupu.

Siku mbili sijamwambia Anti. Kibali changu cha kazi kimefungwa kwenye nyumba hii, akinitoa narudi Moshi. Ningeweza kunyamaza, Jumamosi nikapika mchicha mtupu, na hakuna ambaye angejua. Nimeogopa hasa nilipoona jinsi jambo hilo lilivyo rahisi. Barua hii itakufika mambo yamekwisha, lakini mficha uchi hazai, lazima nimwambie mtu.

*

Ni jioni sasa. Nilikuacha hapo juu, nikaenda kumwambia.

Alikuwa mezani anachambua mchele. Nilisema yote nimesimama. Akauliza ni mara ngapi. Nikasema nne. Mkono wake ukabaki juu ya mchele, hauchambui.

“Baba yangu alikuwa mvuvi,” akasema. “Ladha ile nimekua nayo. Nilipoisikia kwenye mchicha nikadhani ni tamaa yangu mwenyewe. Kila asubuhi nimekuwa nikiomba nisamehewe ulimi wangu.”

Kisha akalia. Hata mumewe alipofariki sikumwona akilia. Nilitamani anitukane, ningepumua.

Hakunifukuza. Amesema ataanza mfungo upya, siku ya kwanza, na umri wake ni miaka sabini na minane. Ila chakula cha taa sitakigusa tena, atapika mwenyewe.

“Na mikono yako, Anti?”

“Ni yangu,” akanijibu.

Nisalimie mama, shemeji Ladislaus na Goodluck, mwambie ashike masomo. Mama usimwambie bado. Mungu awalinde nyote hapo nyumbani, na huyu bibi pia amtazame, kwa sababu ninapoandika haya yuko jikoni anajifunza kushika kisu. Kinaanguka, anakiokota, kinaanguka tena, na mimi nimekatazwa kuingia.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Sia