Mitetea Kumi na Wawili Waliowika

Bi Ruqaya mshauri, nakuandikia nikiwa na haraka kidogo, na tafadhali jina langu usilitoe gazetini, sema tu ni mzee mmoja wa Kangundo mwenye kofia ya kijani anayekaa nyuma ya kanisa, hapo hakuna atakayenijua.

Mimi shule niliachia darasa la tano lakini kuku nimewasoma mpaka mwisho. Watu huniletea vifaranga wa siku moja niwaambie huyu ni mbegu gani, huyu jogoo, huyu mtetea, na mimi nakunjua bawa hivi, naangalia manyoya, natoa jibu, na wakirudi baadaye kulalamika nawaambia ni chakula mlichowapa kimewageuza.

Sasa mwezi wa pili bibi yangu Kalunde alinunua katoni ya vifaranga chotara, ishirini na wanne, yeye pamoja na Wavinya, yule mjane anayefundisha kwaya yetu, na wote wawili wanataka mayai, wakaniambia niwagawie sawa, majogoo kidogo huku na kidogo huku. Huyu Wavinya ndiye alinitoa kwaya mbele ya watu akisema sauti yangu inaliza watoto, na mimi sijasahau. Basi nikashika mabawa, wenye manyoya marefu nikajua ni madume, kwa sababu dume ndiye hujipamba kwanza, na bahati wakatoka kumi na wawili kamili, nikamtilia Wavinya hao wote kwa katoni yake, halafu nikamnong'oneza Kalunde jikoni, "Mama Mwelu, hawa wako ni mitetea watupu. Mkono wangu haukosei."

Kufika mwezi wa sita mitetea wetu wakaanza kuwika. Wa kwanza nikasema anajaribu sauti, wa pili nikasema amemwiga mwenzake, lakini walipowika wote kumi na wawili nikavuta kofia mpaka masikioni. Kwa Wavinya nako wote wanataga. Na Jumapili, wakati wa matangazo, mama huyo akasimama akashukuru mzee fulani aliyemfikiria mjane, akaniita kwa jina, akanirudisha kwaya safu ya mbele.

Tulipofika nyumbani Kalunde akaniuliza, "Baba Mwelu, mkono wako ulikosea?"

"Haukosei," nikasema, mdomo ukatangulia.

"Basi ulijua. Yeye ukampa mayai, mimi ukaniachia kelele."

Tangu siku hiyo nakula muthokoi mkavu, mahindi ya kukoboa matupu bila hata maharagwe, na akitaka kuniita anaongea na majogoo, "Mwambieni baba yenu chakula kiko mezani." Anasema akimaliza kuvuna mbaazi anaenda kwa dada yake Matuu, na hajasema anarudi lini. Bi Ruqaya, nikikubali nilikosea, nani ataniletea kifaranga tena? Nikinyamaza, mimi ni mpenzi wa Wavinya, kwa umri huu na magoti haya. Nitafutie uongo wa katikati.

Ni mimi, mzee usiyemjua,
Kimanzi

BI RUQAYA ANAJIBU

Mzee Kimanzi, jina nimelificha vile ulivyolificha mwenyewe.

Uongo wa katikati sina. Tumalize kwanza ya bawa. Chotara kama hao wako, wale wanaopimika siku ya kwanza, manyoya marefu yakipishana na mafupi ni mtetea, na yaliyolingana ni jogoo. Umesoma kitabu juu chini. Na kienyeji halisi bawa lake halisemi kitu, unangoja wiki sita au nane kilemba kiwe chekundu, kama binadamu wengine. Mtu wa kubahatisha angekosea nusu. Kukosea wote ishirini na wanne, hiyo ni kazi ya macho mazuri na kichwa kigumu. Macho hayo yatumie bado, ila jibu ligeuze.

Lakini Kalunde haumwi na mayai, mzee wangu. Anafikiri uliinama juu ya vifaranga ukamuwaza mwanamke mwingine. Wewe ulimuwaza yeye. Ulimuwaza kwa wizi, na uone haya kwa kumfanyia mjane hivyo, lakini ulimuwaza yeye. Mbona hilo hujamwambia?

Jumapili hii, kabla mbaazi haijaisha shambani, simama wakati wa matangazo useme, "Nilitaka kumpa Wavinya majogoo, nikakosea." Watacheka, waache wacheke. Wavinya atakutoa kwaya tena na kanisa zima litapumzika. Umwombe mbadilishane majogoo sita kwa mitetea sita, ndivyo ulivyotumwa tangu mwanzo.

Ukirudi nyumbani chinja mmoja wa wale waliobaki, umpike wewe mwenyewe. Firigisi, ambayo bila shaka umeila peke yako tangu uoe kwa sababu ni ya mwenye nyumba, iweke kwenye sahani ya Kalunde bila hotuba. Akiila yote, umesamehewa. Akikukatia nusu, pokea, tafuna, na usithubutu kumwambia kwamba ulijua atakukatia.