Kitambaa cha Dada Nargis

Thornhill, Toronto
Agosti 16

Mama yangu mpenzi,

Salamun alaykum, na shikamoo nyingi. Hujambo? Magoti yanasemaje na baridi ya Arusha? Sisi huku wazima, ila mkono wangu bado una bendeji, na dada Nargis ananikatia chapati kama mtoto mdogo. Nacheka, lakini nina aibu.

Umeniuliza mara nyingi ilikuwaje kule ligi kuu ya besiboli, nami nakujibu poa tu. Sasa nikueleze. Mimi ni mrushaji wa akiba: anayeanza akichoka, ndipo naitwa nikarushe mpira badala yake. Miaka sita nilisubiri mwito huo kwenye timu za miji midogo. Ulipokuja nilikaa siku kumi na moja, nikacheza mechi tatu, basi. Lakini mechi hizo, we acha tu! Alasiri moja paa la uwanja lilifunguliwa, kivuli cha ule mnara mrefu ulio jirani na uwanja kikalala juu ya nyasi, na watu elfu thelathini nikawa siwasikii tena. Mpira ukanitoka vidoleni polepole, nikaziona hata nyuzi zake zikizunguka. Mpigaji akapiga hewa. Nilikuwa naelea, wallahi. Hadi leo nikifumba macho niko palepale.

Mechi ya tatu uliiona mwenyewe kwenye simu. Dada Nargis alikuwa amenifunga Imamu Zamini, kitambaa chetu chenye sarafu cha kumlinda msafiri, mkono wa kulia kama desturi, huohuo ninaorushia, nami nikakificha ndani ya shati. Kikateleza hadi kiwikoni. Mwamuzi akakiona, akasema mrushaji haruhusiwi kufunga kitu mkononi. Nikakivua. Nikarusha mara mbili. Ya tatu kiwiko kikalia, nikapiga magoti. Daktari amesema sitarusha tena.

Tangu siku hiyo umemsusa dada. Mama mdogo Shahnaz ameniambia unasema Nargis alifunga ovyo, ndiyo maana kinga yangu ikavuliwa mbele ya dunia nzima. Miezi mitatu, Mama! Akikupigia hupokei. Hanung'uniki. Ijumaa akiegesha gari msikitini hujifuta macho kwanza, ndipo anashuka.

Mama, hakufunga ovyo. Mkono wangu ulikuwa umeumia wiki mbili kabla sijaitwa. Niliwaficha madaktari wa timu, nikiogopa watamwita mwingine. Dada alipokuja kunifunga aliukuta umevimba hadi juu ya kiwiko, akataka kukupigia simu hapohapo. Nikamshika miguu, nikamwapisha kwa Qurani asimwambie mtu, hata wewe. Akalia, akafunga kwa kulegeza ili nisiumie.

Neno moja tu lingemtoa lawamani, naye hajalisema. Mimi nikala chapati zake, nikanyamaza. Kurusha sijutii, nisikudanganye. Ningeitwa kesho ningeficha tena. Hili la dada ndilo linaloninyima usingizi.

Msalimie sana mama mdogo, na uniombee dua. Dada hajui kwamba nimekuandikia. Jumamosi asubuhi huwa nyumbani; kwenu huko ni alasiri. Mpigie yeye kwanza, Mama. Mimi utanigombeza baadaye.

Mwanao aliyekosa,
Zaheer