Mapande ya Lami Kuukuu

Jumatatu, 3 Machi 1975
Nimenakili waraka kwa mara ya nne. Wino mweusi, pambizo vidole viwili. Kabla ya kwenda kazini kwenye mizani ya sokoni nimelipima tena shimo la mdomo wa mtaa: upana hatua nne, kina hadi chini ya goti. Upande wa pili wa mtaa umezibwa na uzio wa ujenzi. Hakuna gari litakaloingia kwetu pasipo kupita shimoni.

Hoja yangu ni moja. Walipochimba bomba la maji waliing'oa lami, wakailundika ukingoni, wakaondoka. Huu ni mwaka wa pili. Ofisi ya barabara husema lami mpya haipatikani. Basi iliyong'olewa ivunjwevunjwe, ipashwe moto, irudishwe ilikotoka. Jambo hili nimefunzwa na Mzee Chande, jirani wa mkabala, aliyekuwa kibarua wa barabara tangu enzi ya Mwingereza. Husema lami haifi, hulala tu; ukiipasha moto inaamka.

Sababu yangu sikuiandika. Waraka rasmi hauchanganywi na mambo ya nyumbani. Naiandika hapa. Masika iliyopita teksi ilikwama katika shimo hilo ikiwa na mke wangu Somoe. Alijifungulia humo garini, maji yakiwa yamefika milangoni. Mtoto hakupumua. Sasa Somoe ni mjamzito tena, na siku zake zitaangukia Aprili.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewasilisha. Karani alisoma mstari wa kwanza, akanitazama, akauliza nimesoma shule gani. Nilimjibu kwamba nimejisomea mwenyewe, huko Lindi, katika magazeti yaliyofungiwa mikate. Akagonga mhuri. Mhuri ulikaa sawa, haukupinda. Nilirudi kwa miguu nikiwa na furaha ambayo sasa naiona ni ya kitoto.

Jumapili, 9 Machi
Miguu ya Somoe imevimba. Mkunga wa kliniki amekataza safari za miguu, amekataza kubebwa mgongoni. Kitanda, kisha gari, kisha hospitali. Amelisema mara mbili kama anayemwambia kiziwi.

Alhamisi, 13 Machi
Lundo linapungua. Watu wanachukua mapande: ngazi za milango, vikalio vya mapipa ya maji. Nimezunguka mtaa mzima na daftari. Nyumba saba. Nimeandika nyongeza ya waraka na kuzitaja kwa majina ya wenyeji, Mzee Chande akiwa wa kwanza, maana ngazi yake ni mapande matatu. Nimeandika: "Mali hii ya thamani isiachwe kupotea mikononi mwa wachache ilhali ni ya umma." Sentensi hii nimeisoma kwa sauti. Somoe aliuliza kama nina hakika kuhusu Mzee Chande. Nilimjibu kwamba haki haina jirani, nikaenda kuiwasilisha nyongeza.

Jumanne, 18 Machi
Mvua ya kwanza. Shimo limejaa pomoni. Naogopa.

Ijumaa, 21 Machi
Nimekwenda ofisini. Karani amesema waraka wangu umepanda ghorofani. Hakujua umepanda kwa nani.

Jumamosi, 22 Machi
Lori limekuja. Nililiona kutoka dirishani nikavaa koti. Vibarua sita wenye sepetu. Nilimwambia Somoe akae mlangoni aone.

Walipakia lundo lote. Nikasubiri wateremshe pipa la kupashia moto. Hapakuwa na pipa. Nilipomuuliza, msimamizi wao alitoa mfukoni waraka wangu, nyongeza ikiwa imebanwa kwa pini, na maneno yangu "mali hii ya thamani" yamepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Mapande yanapelekwa kuziba mashimo ya barabara ya malori. "Umeandika vizuri sana, mzee," akasema. "Tusingejua kama yapo."

Kisha, mbele ya mtaa mzima, akasoma majina saba. Kwa sauti, kama anayeita wagonjwa dirishani. Akawaambia wenye majina warudishe mali ya umma wenyewe, yeye hana nafasi ya kuingia majumbani mwa watu. Wakaondoka. Ukingoni limebaki doa jeusi na kokoto kidogo.

Hakuna aliyenitukana. Mama Elinami, mwenye duka la pembeni, mtu wa Moshi, jina la nne katika orodha yangu, alifunga duka saa sita mchana.

Jumapili, 23 Machi
Somoe hajanilaumu. Ingekuwa nafuu.

Jumatatu, 24 Machi
Nimeanza waraka mpya. "Kwa heshima na taadhima." Nimeuchana. Ofisi imenipa kila nilichoomba: imeithamini lami, imeiokoa isipotee. Lami iliyobaki mtaani ni ile niliyoiita ya wizi. Iko katika nyumba saba, na nyumba hizo nimezichongea mwenyewe. Mvua tangu alfajiri.

Alhamisi, 27 Machi
Nimekwenda kwa Mzee Chande bila karatasi. Nilisimama nje. Sikuthubutu kuikanyaga ngazi.

"Shikamoo, mzee."

Alinitazama toka ndani. "Marahaba, Bwana Waraka. Umekuja na mhuri?"

Nikasema sina mhuri. Nikasema nimekosa. Sikupata maneno mengine, mimi ninayewaandikia watu wa Ilala nzima barua zao. Nikamweleza la Somoe na Aprili, nikiropoka, pasipo mpangilio.

"La mkeo tunalijua," akasema. "Ile teksi mwaka jana niliisukuma mimi. Wewe ulikuwa mbele unampa dereva maelekezo." "Mbona hilo hukuliandika? Karani naye ana mke."

Niliitazama ngazi yake.

"Kanyaga uingie," akasema. "Pande la wizi halimng'ati mtu."

Atanisaidia kuipasha lami kwa sharti moja: nipite mwenyewe nyumba zote sita zilizobaki, nikaombe mapande kwa mdomo.

Ijumaa, 28 Machi
Nimepita. Wawili walinifungia mlango, kisha wakafungua. Mmoja alinitaka nimsomee kwanza sentensi niliyoandika juu yake. Nikamsomea. Mama Elinami alilivuta pande kutoka chini ya mlango wa duka. "Lilikuwa linazuia mlango usipigwe na upepo. Chukua, baba. Upepo tutauzoea."

Jumamosi, 29 Machi
Mvua imetupa siku moja. Tumeyakumba maji kwa ndoo tangu alfajiri, tukajaza matofali yaliyovunjika na kokoto, tukashindilia. Mzee Chande alitumia pipa lililokatwa ubavu, kuni chini. Mapande tuliyaponda kwa nyundo hadi yawe kama korosho. Oili chafu imetoka kwa fundi wa magari wa Buguruni, kopo moja tu. Nilipotaka kuongeza alinishika mkono: ikizidi, lami haishiki tena, itanasa kandambili za watu hadi Idi. Moto nao usiwe mkali, itaungua na kubaki majivu. Nilikoroga mimi. Ilitoa moshi, ikang'aa, ikaamka kweli.

Ilipungua. Robo ya shimo ilibaki wazi, lami ikipoa. Watu walitazamana.

Somoe alitoka polepole, ameshika ukuta. Akasema lipo jingine bafuni kwetu, hulikanyaga anapooga, lipo tangu mwaka jana. Ninaoga hapo kila siku. Nyumba yangu sikuipitia na daftari.

Mtaa ulicheka. Mzee Chande alicheka hadi akakaa chini. "Ya nane!" akasema. "Andika, Bwana Waraka, andika!" Nililibeba mwenyewe, likatosha, na ukingo mmoja tukaumalizia kwa kokoto. Tulishindilia kwa gogo, wanane kwa zamu.

Alhamisi, 3 Aprili
Mvua kubwa. Kila saa ninakwenda kukitazama kiraka. Kimebonyea kidogo upande wa kushoto. Silali vizuri. Siamini kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu.

Jumatano, 9 Aprili
Uchungu ulimwanza Somoe baada ya adhuhuri, mvua ikinyesha. Dereva wa teksi alisita mdomoni mwa mtaa, akauliza kama hapa si pale pa mwaka jana. Mzee Chande alisimama katikati ya kiraka, maji yakiwa chini ya kifundo cha mguu, akampungia mkono aje. Gari likaingia. Likatoka na Somoe amelala kiti cha nyuma, nami mbele kando ya dereva. Lilipokanyaga kiraka sikusikia kitu.

Ijumaa, 11 Aprili
Msichana. Anapumua. Nimemwona kupitia kioo.

Mvua imekatika asubuhi. Sikuandika barua ya mtu yeyote leo. Nimekopa ufagio kwa Mama Elinami, nikakifagia kiraka matope, nikarudisha ufagio.