Mke Wangu Ameingia Kwenye Bendi Yangu

Mama Léocadie, nisaidie, maana mwisho wa mwezi unakaribia na sijui niseme ndiyo au hapana, na nikinyamaza tena nyumba yangu inaharibika.

Mimi ni mwanaume wa mtaa wa Jabe, nafanya kazi ya depo, ya ghalani, kule kwenye viwanda vya Zone Industrielle, na tangu ujana wangu ni mpenzi wa Les Crocos, ile bendi ya rock ya hapa Bujumbura ambayo baba zetu walisema ni kelele tu, na sisi mashabiki tukajiita Mamba, Kiswahili cha jina hilohilo, na mimi ndiye rais wa Mamba, nimewabebea ampli, yale masanduku ya kukuza sauti, mgongoni mvua ikinyesha, nimewatafutia nyuzi za gitaa kama mtu anayemtafutia mtoto dawa, najua kila wimbo na kila mahali Namegabe, mwimbaji wao, alipovuta pumzi. Unajua ule wakati katikati ya wimbo, gitaa zinazunguka palepale na mwimbaji anarusha majina ya watu kwenye mikro, fulani wa Buyenzi, fulani wa Kinindo? Miaka yote hiyo Namegabe amerusha majina ya matajiri na ya wake zao, langu hakulirusha hata siku moja, na mimi sikuomba, nilingoja.

Sasa koo la Namegabe limekwisha, daktari amemkataza kuimba, mpiga ngoma amefariki, wa besi yuko Canada kwa watoto wake, amebaki mzee Amur peke yake na gitaa lake la solo, naye akatangaza kwamba Crocos watazunguka nchi nzima tena, na watu wapya. Mashabiki tuliwaka hasira. Kwenye WhatsApp ya Mamba mimi mwenyewe niliandika, "Hao ni mamba wa plastiki," watu wakacheka, neno likaenea mpaka kwa vinyozi.

Wiki hiyohiyo nikamwona mzee Amur mlangoni kwangu. Mama Léocadie, nisikufiche, moyo uliruka, nikasema hatimaye mtu amekumbuka nani anajua nyimbo zote, nikakimbia ndani kubadilisha shati, nikaagiza soda. Mzee akanywa, akafuta mdomo, akasema, "Rafiki yangu, mi nakuya kuomba mama Gaël. Ile siku ya levée de deuil, ya kumaliza matanga ya mupiga ngoma, nilimusikia anaimba. Ni ile sauti yenye tunatafuta."

Mama Gaël ni Consolate, mke wangu. Anaimba kwaya ya parokia. Nyimbo za Crocos amezijua kwa kunisikia mimi nikiziharibu bafuni. Aliniangalia, akauliza, "We unasema nini?" na mimi nikasema, "Fanya unavyotaka," kwa ile sauti ambayo kila mke anaijua.

Tangu hapo sina amani. Anatoka mazoezini anacheka peke yake. Kuna kijana mpya wa besi, Eddy, anampigia simu kuuliza maneno ya nyimbo, naye Consolate anamwita "mon petit", mdogo wangu, na akija kwetu anamwongezea ndizi kwenye sahani. Watu waliokuwa wakija kuniuliza mimi habari za bendi sasa wananipita sebuleni kama kiti, wanaenda kumuuliza yeye jikoni. Naona wivu, nasema wazi, wivu unanikaba, na wala sijui namwonea nani.

Siku ya onyesho la kwanza nilisimama nje ya geti la ukumbi pamoja na Mamba waliokataa kuingia. Tuliimba "mamba wa plastiki" mpaka ngoma zikaanza na sauti ya Consolate ikapita juu ya ukuta, na wenzangu wakaanza kuingia mmoja mmoja, huyu anasema anaenda kukojoa, yule anasema anamtafuta shemeji yake, mpaka nikabaki na muuza karanga. Ulipoanza wimbo ninaoupenda kuliko zote nikaenda zangu nyumbani, sikutaka yule wa karanga aone machozi yangu.

Kesho yake sokoni kila mtu, "Weye! Jana ulikuwa wapi?" Hata mama muuza ndagala. Wamepata cha kunichekea. Consolate mwenyewe usiku ule alirudi, akavua viatu, akauliza tu kama nimekula. Juzi ndipo akasema, "Mwisho wa mwezi tunaenda Rumonge, kisha Gitega. Kama hautaki, sema na kinywa yako, mi nitabaki. Lakini usiniambie tena nifanye yenye nataka."

Nimkataze? Na tafadhali, usiandike jina langu.

Croco wa Jabe

*

Croco, pole. Kutamani kitu tangu ujana, kisha kipite mbele yako kiende kwa mtu mnayelala kitanda kimoja, inauma, na sitakudanganya kwamba ni upuuzi. Lakini huruma yangu inaishia hapo.

Mwache Eddy. Kijana ana njaa, amepewa ndizi. Humwonei wivu Eddy, unamwonea wivu mkeo, na unaona aibu kusema. Ulibadilisha shati, hukuitwa. Lakini Consolate hakukuibia kitu. Mzee Amur hakutafuta mbeba ampli wala mtu wa kukumbuka maneno, alitafuta sauti, na wewe umekiri mwenyewe kwamba nyimbo unaziharibu. Unasema unawatetea Crocos wa zamani. Crocos wa zamani wamechoka, mmoja tumemzika. Ulitaka nyimbo zizikwe naye ili wewe ubaki rais wa nini? Umesimama getini, mtu mzima, ukamwimbia mama wa watoto wako kwamba ni plastiki. Ona haya kidogo.

Sasa nikuambie jambo ambalo watu wa sokoni walidhani unalijua. Mimi nilikuwa ndani, karibu na spika, masikio yangu bado yanalia. Wimbo wako ulifika katikati, gitaa zikazunguka, tukangoja majina ya wakubwa. Consolate akasogea kwenye mikro akarusha jina moja tu. Lako. Lile la ubatizo, hilo ulilonificha, pamoja na mtaa wako. "Wa Jabe, uko wapi?" Akangoja. Mzee Amur akazungusha gitaa tena, Consolate akaita mara ya pili. Ukumbi mzima tuligeuza shingo kukutafuta, na wale Mamba waliokuacha getini wakaanza kukuita nao. Alipoona huitiki, alifumba macho akamaliza wimbo. Watu wa sokoni hawakukucheka, bwana. Walikuwa wanakuuliza.

Usimkataze. Leo jioni, kabla ya chakula, mwambie kwa kinywa chako, "Nenda," na umwombe msamaha kwa ile kelele ya getini, ana kwa ana, si kwa WhatsApp. Kwa Mamba wenzako rudisha lile neno lako la plastiki, wewe ndiye uliyelianzisha. Siku ya Rumonge beba ampli kama ulivyozoea, kisha ingia ndani, kaa mbele kabisa.

Jina lako sijaliandika, kama ulivyoomba. Akiliita tena, itika.