Gitaa la Asukile na Neno "Nakutunza"

Ipogolo, Iringa
9 Julai 1977

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, na naomba uvumilivu pia, maana nimefundisha miaka thelathini na mmoja na siwezi kusimulia jambo bila kulieleza kwanza. Mimi ni mwalimu mstaafu, na tangu ujana wangu nina ugonjwa mmoja usiotibika, nao ni kukusanya magitaa ya umeme ya zamani, yale ya kwanza kwanza kufika huku kwetu, ambayo bendi zikivunjika au zikipata mapya huyatupa stoo yakaliwa na panya. La kwanza nililipata mwaka 1956 kwa Mgiriki mmoja mkulima wa tumbaku aliyekuwa anafunga mizigo yake, na leo ninayo tisa, yametundikwa katika chumba walimokuwa wakilala wanangu, na mke wangu Tekla akiingia na ufagio huyaambia, "Hodi, wake wenzangu." Amplifaya yangu iliungua miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo hayalii tena kwa sauti yake, nayafuta vumbi, nayatazama, nayarudisha ukutani. Nimechoka, Mshauri, lakini kuacha sijui.

Mwaka 1968 nilikuwa nafundisha Mbeya, na pale Mbalizi palikuwa na bendi ndogo, mpiga solo wake akiitwa Asukile, Mnyakyusa mrefu, mcheshi, mwenye gitaa jekundu la Kijerumani, nami nilikuwa nakwenda dansini kila mwezi, wenzangu wakicheza mimi nalitazama gitaa. Bendi ilipokufa Asukile alipata kazi migodini Zambia, na asubuhi ya kuondoka akaja nyumbani kwangu na gitaa limefungwa katika blanketi, akasema, "Mwalimu, gitaa hili nakutunza." Nimenukuu sawasawa, maana shauri lote liko hapo. Kumtunza mtu, kama unavyojua, ni kumpa tuzo, kama watu wanavyomtunza mwimbaji akiwafurahisha. Na kumtunzia mtu kitu ni kumwekea kitu chake. Yeye alisema lile la kwanza. Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, naye akanionyesha namna ya kulegeza nyuzi, kwa sababu shingo ya gitaa ni mti, na baridi ya kwetu ikizikuta nyuzi zimekazwa mwaka hadi mwaka shingo hupinda, akaniambia nisizikaze mpaka arudi, na agizo hilo nimelifuata miaka tisa bila kukosa, hata baada ya kuhamishiwa Iringa.

Jumamosi iliyopita alirudi. Alianzia shuleni Mbeya wakamwambia nimehamia huku, akapanda lori, akashuka hapa barabarani akiulizia "mwalimu wa magitaa," watu wakamleta hadi mlangoni. "Ugonile, Mwalimu," akanisalimu kwa Kinyakyusa, na alipoupokea mkono wangu kwa mikono yake yote miwili nikaona wa kushoto hauna vidole viwili. Jiwe la mgodini, alisema, kama mtu anayetaja mvua ya jana. Tekla akapika chai. Nikampeleka chumbani, akasimama mbele ya gitaa lile, akacheka.

"Aisee, Mwalimu, umelitunza kweli. Mimi nimezeeka, lenyewe bado msichana!"

"Ulinitunza kitu kizuri," nikamwambia.

"Ndiyo, nilikutunza."

"Mama Edmund, umemsikia?" nikamuuliza mke wangu, aliyekuwa ameingia na birika.

"Nimsikie nini tena? Mwache mgeni anywe chai," akasema Tekla.

Asukile akaomba kitu cha kulifungia, kwa kuwa binti yake Anyitike anataka kujifunza, naye atamwelekeza kwa mdomo maana vidole vyake sasa vimekataa. Ndipo nikamweleza, kwa upole kama nilivyokuwa nikieleza darasani, tofauti ya kutunza na kutunzia, na kwamba kwa maneno yake mwenyewe, tena mara mbili, gitaa ni langu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Basi, Mwalimu. Kiswahili unakijua wewe." Akamaliza chai, akamshukuru Tekla, akaenda barabarani kusubiri lori la kurudi Mbalizi.

Tangu siku hiyo Tekla haniongeleshi ila kwa lazima, na jana aliniuliza jambo moja tu: "Baba Edmund, siku ile ya kwanza alipokosea, mbona hukumsahihisha?" Nikilitoa gitaa hilo nitabaki na pengo pale ninapotazama kila asubuhi, na kwa umri huu sitapata jingine mfano wake. Nikibaki nalo, kila nikiingia chumbani nasikia, "Kiswahili unakijua wewe." Naomba uniambie, gitaa hili ni la nani?

Mwalimu Ambrosi

JIBU

Mwalimu, pole. Pole hiyo ni ya uchovu wako. Ya gitaa sikupi.

Umeuliza gitaa ni la nani, na jibu umeliandika mwenyewe, pale ulipodhani unaeleza habari za mbao na baridi. Alikuambia usikaze nyuzi mpaka arudi. Mtu aliyekupa tuzo anarudi kufanya nini? Nimepewa zawadi nyingi katika maisha yangu, na hajatokea hata mmoja aliyenipa kitenge akaniagiza nisikivae mpaka arudi. Nawe ulitii! Miaka tisa umelegeza nyuzi za gitaa la mtu, halafu mwenyewe alipofika mlangoni ukamfundisha sarufi.

Na hiyo "mara mbili" usinitajie. Mara ya pili ulimtega, ukatafuta na shahidi. Mtu aliyejifunzia Kiswahili sokoni na dansini, huku nyumbani akisema Kinyakyusa, atasema "nakutunza" akiwa na maana ya "naomba unitunzie," na hakuna anayejua hivyo kuliko mwalimu wa miaka thelathini na mmoja. Watoto wa watu uliwawekea alama ya kosa kwa wino mwekundu kwa neno hilo hilo. Safari hii kosa lilikuletea gitaa, ukaliacha lipite. Mkeo amekuuliza swali zuri kuliko lako.

Mapenzi yako siyacheki. Kama si wewe, magitaa hayo yangekuwa yameoza zamani, na shingo ya hilo jekundu ingepinda kama jembe bovu. Asukile mwenyewe alikusifu kabla hujamwudhi. Umefanya kazi ya heshima kwa miaka tisa, ukaiharibu kwa kikombe kimoja cha chai. Ndiyo maana umechoka hivyo. Kumlindia mtu mali yake hakuchoshi kama kuilinda asiichukue.

Sasa nisikilize. Usimpe dereva wa lori alipeleke, wala usimwandikie Asukile aje kulichukua, alishakuja. Wiki hii panda basi wewe na Mama Edmund, mwende Mbalizi, yeye naye alikuwapo mgeni alipoondoka mikono mitupu. Lifunge katika blanketi lile lile la mwaka 1968. Usiniambie limepotea, watu wa aina yako hawatupi kitu.

Nyuzi usizikaze huko Ipogolo. Aliagiza mpaka arudi, basi zikazwe mbele yake. Uzikaze wewe, kwa kuwa vidole vyako vimetimia, naye akae karibu asikilize, akuambie pandisha, shusha, hapo hapo. Zikishakubali, mpe Anyitike mkononi. Kama binti anataka mwalimu wa kumshikia vidole kwenye nyuzi wakati baba yake anaelekeza kwa mdomo, hilo mtapatana wenyewe; Mbalizi si mbali kwa mtu aliyekuwa akienda dansini kila mwezi kutazama tu.

Pengo la ukutani liache kama lilivyo. Usitundike kalenda hapo.

Jambo la mwisho. Ukifika usitoe somo. Usieleze mzizi wa neno, usieleze ulichodhani, usiseme unarudisha zawadi. Salimia kama yeye alivyokusalimu, fungua blanketi, kisha sema sentensi moja: "Asukile, gitaa lako hili, nilikutunzia."

Na ile "i," Mwalimu, usiimeze.