Mlango Uliosimama Kwenye Kahawa

Baba yangu wa ndoa,

Najua ungenikemea kwa kukuandikia moja kwa moja. Ungesema maneno yangu yapite kwa Mama, mkeo, kwanza, kama yalivyopita yote tangu nilipoolewa na mwanao. Lakini Mama mwenyewe ndiye aliyenisukuma. Wiki iliyopita alinikuta nimekaa na karatasi tupu, akacheka. "Andika tu, mutoto. Yeye sasa iko mbali. Nani nataona nyinyi?"

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee tuliyokuwa nayo sisi wawili. Mimi binti wa dereva wa malori kutoka Voi, niliyezaliwa Jinja kwa kuwa lori la baba yangu liliharibika pale na mama yangu akakataa kuendelea na safari. Wewe askari jela mstaafu, uliyekiokota Kiswahili chako kwenye paredi. Majirani zako chini ya mlima Wanale wakikisikia walikumbuka buti za wanajeshi zikigonga mlango, na siwalaumu. Wewe ulikitumia kuniuliza kama nimeshiba. Ulikuwa unasimama nyuma ya jiko la Mama, unakohoa mara moja ili nijue upo, kisha unauliza ukuta, "Afande amekula?" Nami naujibu ukuta, "Amekula, baba."

Nikwambie kitu ambacho sikuthubutu kukwambia. Mwaka wa kwanza nilidhani unanichukia. Nikiingia sebuleni unatoka kwa mlango wa nyuma. Nikikutana nawe njiani unageukia kwenye migomba kama mtu aliyeona nyoka. Jina langu hukulitamka hata siku moja. Nilimlilia mume wangu Wambi, naye akanicheka kwanza, kisha akanieleza kwamba kwenu baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mkono, hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja. "Anakukimbia kwa sababu anakuheshimu," alisema. "Na cheo cha Afande hajampa mtu mwingine tangu astaafu." Tangu siku hiyo nikawa natembea kifua mbele.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Nilikuwa fundi wa maabara Jinja, kwenye utafiti wa ugonjwa wa usubi, na ugonjwa wenyewe ulikuwa umejaa kwenu. Wewe uliujua kabla hatujauandika popote. Inzi wadogo weusi wa kandokando ya vijito wanauma, wanaacha minyoo mwilini, na minyoo ile inaishi humo miaka, ikizaa vitoto vinavyozurura chini ya ngozi. Mtu anajikuna mpaka anatoka damu, ngozi inakuwa ngumu, na vikifika machoni mwanga unaanza kupungua. Wenzangu walishinda vijitoni wakivua kaa, kwa sababu viluwiluwi vya inzi wale hujishikiza migongoni mwa kaa, na kijiji kizima kilikuja kuona wasomi wakivua kaa ambao hata hawawali. Mimi kazi yangu ilikuwa ngozi. Nilinyofoa kipande kidogo kuliko punje ya ulezi kwenye nyonga ya mtu, nikakiweka kwenye tone la maji ya chumvi, nikasubiri kuona kama vijinyoo vitatoka. Hapakuwa na njia nyingine ya kuthibitisha. Na kijiji kisichothibitishwa hakikuwekwa kwenye orodha ya kupewa vidonge.

Sikupaswa kukutazama, lakini miguu yako niliiona. Nilimwona pia Nambozo, mjukuu wako wa miaka sita, akijikuna mgongo kwa gunzi la mahindi huku anaimba, kwani kwake kujikuna lilikuwa jambo la kawaida kama kupumua. Kwa hiyo niliomba mwenyewe kijiji chenu kiingizwe kwenye uchunguzi. Nilijiona nimewaletea neema. Kumbe nilikuwa nimewaletea aibu.

Kosa lilikuwa langu na nimelibeba mpaka leo. Mwenzangu wa kiume aliyepangiwa kuwakata wanaume vipande vya ngozi aliamka Mbale na malaria, anatetemeka. Nikachukua vifaa vyake, nikapanda gari la mradi hadi kijijini, na sikupita nyumbani. Mtu yeyote mwenye adabu angepita kwanza, akamwambia Mama, na Mama angekwambia wewe. Mimi niliona jua linapanda na foleni inanisubiri. Nikaingia moja kwa moja nyuma ya kiambaza cha majani ya migomba, na wanaume wakawa wanaletwa mmoja mmoja, wanalala kifudifudi mkekani, kaptula imeshushwa kidogo. Niliona migongo tu. Kwa mtu wa saba niliuliza kama nilivyowauliza wote, "Jina, mzee?"

Nikauliza tena.

Uliijua sauti yangu. Nani mwingine pale angesema "mzee" kwa lafudhi ya Voi niliyorithi kwa wazazi? Uliinuka na kaptula mkononi, ukatoboa kiambaza kwa kichwa, ukapotelea kwenye kahawa. Mimi nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka kileleni Wanale. Nilitamani ardhi inimeze na hadubini yangu.

Kufika saa sita foleni yote ilikuwa imeyeyuka. Wanawake walipita na mitungi wakitazama pembeni. Niliambiwa mzee mmoja amesema utafiti huu unawavua wazee nguo mbele ya wake za watoto wao, na aliye na akili akae nyumbani kwake. Dokta aliyetuongoza hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na vijiji vingine. "Nakupa kesho na kesho kutwa," aliniambia. "Tukikosa ngozi hapa, tunahama, na dawa zitawafuata waliokubali." Nililala kwa Mama siku hiyo bila kula. Hukuja kukohoa nyuma ya jiko.

Asubuhi nilisikia nyundo.

Nilichungulia, nikakuona kwa mgongo katikati ya kahawa yako. Ulikuwa umechimba mashimo mawili, ukasimika nguzo, na kati ya nguzo unapigilia ule mlango wa zamani uliokuwa ghalani, wa mbao nzito, wenye rangi ya kijani iliyobanduka. Mlango bila nyumba! Kwenye usawa wa kiuno ulikuwa umekata tundu la mraba, la kutosha kiganja, na umelitundikia kipande cha gunia. Mama alisimama kando yangu, mikono kiunoni. "Huyu mzee nakumbuka jela," akasema.

Kweli ulikuwa umekumbuka jela. Nilikuja kujua baadaye, kutoka kwa Wambi, kwamba kila mlango uliokuwa ukiulinda gerezani Jinja ulikuwa na tundu kama lile, la kupitishia chakula na kumchungulia mfungwa. Ulimtuma Mama aniambie nisimame upande wa jikoni na vifaa vyangu, nisizunguke hata kidogo. Wewe ukasimama upande wa pili. Watu walikuwa wamevutwa na nyundo, wamejaa kwenye ukingo wa shamba, na hata yule mzee aliyewakataza alikuwepo, akijifanya anatafuta mbuzi.

Mwenzangu alikuwa amepata nafuu kidogo, akajitolea akukate yeye ili mambo yaishe. Ulikataa. Uliongea kwa sauti ya paredi, kwa Kiswahili, ili mimi nami nisikie, na maneno yale nimeyahifadhi. "Jana nilikimbia huyu mutoto. Nikikatwa na mutu mwingine, watu watasema aibu bado iko. Mukono ile nilikimbia, ndio itanikata. Mimi nilichungulia watu kwa tundu miaka mingi. Leo ni zamu yangu."

Gunia likasogezwa. Kwenye tundu ikatokea sehemu ya nyonga, kubwa kama kiganja, ngozi imekunjamana na kukauka kama ganda la muhogo. Ndicho nilichokiona cha kwako, na kwa miaka yote ile ndicho nilichokijua kuliko uso wako.

"Pole, baba."

"Pole ya nini? Bado hujakata."

Nikakata. Hukutingishika. "Afande, umemaliza? Hii ni kama siafu ya kanisani tu, inauma na huwezi kuruka." Watu wakaangua kicheko, na ndani ya kicheko kile nilisikia aibu yangu ya jana ikianza kulegea.

Halafu ukataka kuwaona minyoo wenyewe. Hapo ndipo tulipowachekesha zaidi. Niliweka kipande chako kwenye maji ya chumvi, tukasubiri, nikageuza kioo cha hadubini kulielekea jua, nikakuta wamejaa, wembamba kama nyuzi, wanajipinda na kujikunjua. Lakini wewe na mimi hatukuweza kusimama mahali pamoja. Basi nikarekebisha lenzi, nikaondoka nikajificha nyuma ya mti wa kahawa, Mama akapiga kofi moja, ukaja ukainama. Ulikaa pale muda mrefu. Nikasikia, "Afande! Hawa wote nimewalisha mimi?"

"Wote, baba."

"Na hakuna hata mmoja aliyesema asante."

Ulipoondoka, yule mzee mwenye mbuzi akainama akatazama. Akasimama, akaenda nyuma ya mlango wako, akasogeza gunia. Baada yake walikuja wanaume, kisha wanawake, kila mtu na heshima yake upande wa pili wa mbao. Nambozo alitaka kurudia mara mbili kwa sababu alipenda tundu. Waswahili wanasema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Ni kweli, ila wewe ulinionyesha kwamba mgonjwa anaweza kufichua maradhi na bado akabaki amevaa nguo, akipata mtu wa kumtengenezea mlango. Mimi na vyeti vyangu sikuliona hilo. Dokta aliuchora mlango wako kwenye daftari lake, na katika vijiji viwili vilivyofuata tulitanguliza seremala kabla ya hadubini.

Kijiji kikaingia kwenye orodha. Vidonge vilipofika ulipimwa urefu kwa fimbo kama kuruta, ili ijulikane umeze vingapi, na vijinyoo vikifa mwilini ulivimba uso siku mbili mpaka watu wakaogopa. Ukatoka nje ukakaa barabarani na uvimbe wako ili waone hujafa. Mwaka uliofuata ukameza tena, na uliofuata. Kila mara nilipopanda kutoka Jinja, nilipita nyumbani kwanza, nikamwambia Mama, na Mama akakwambia. Ulikuwa unanisubiri nyuma ya mlango. Jicho lako la kushoto lilikuwa limeshaharibika tulipoanza, na dawa haikulirudisha. Hilo linaniuma hata sasa. Tungekuja mapema. Lakini la kulia ulibaki nalo, na Nambozo aliacha gunzi, akalisahau kabisa, akawa mtoto anayelala.

Siku ya mwisho ninayotaka kukukumbusha ilikuwa ya jua, kahawa imechanua. Nilichukua kipande chako, nikasubiri nusu saa, nikatazama. Hakuna kitu. Nikasubiri saa nzima, nikatazama pembe zote za tone. Maji matupu. Nilijua kwamba minyoo mikubwa huenda bado imo mwilini, na kwamba utaendelea na vidonge, lakini ngozi ile niliyoizoea imejaa vurugu ilikuwa imetulia. Nilikimbia mpaka mlangoni nikaongea na mbao.

"Baba, hamna kitu."

"Hesabu tena, Afande."

"Nimehesabu mara tatu, baba. Hamna."

Nilisikia unapumua. Kisha gunia likasogea, na pale kwenye tundu nilipozoea kuona nyonga ukatokea mkono. Mkono wako wa kulia, kiganja juu, ukiungoja wangu.

Nilitazama nyuma. Mama alikuwa jikoni, amenigeuzia mgongo, na leo najua aligeuka makusudi. Nikaushika. Ulikuwa na joto, na ngozi yake ilikuwa laini kuliko nilivyotarajia. Nililia, sikujali. Uliubana mkono wangu mara moja, kwa nguvu, ukauachia.

"Hatujaonana," ukasema.

"Hatujaonana, baba."

Sikumsimulia mtu, hata Wambi. Siku tulipokuzika nilisimama mbali, mahali panaponistahili, sikuja karibu na jeneza, na wanawake walinisifu kwa kushika mila. Baadaye, watu walipotawanyika, niliingia kwenye kahawa. Mlango upo. Gunia limeoza, nguzo moja imeinama, kijani chote kimebanduka. Niliingiza mkono kwenye tundu mpaka kwenye kiwiko, nikauacha huko upande wako kwa kitambo.

Nimemwomba Mama mlango usiguswe, naye amekubali. Pumzika, baba. Nimekula, nimeshiba. Na akiuliza mtu yeyote huko uliko, hatujaonana.

Mimi mkaza mwana wako,
Afande.