Mtungi Mwepesi

Chang'ombe, Dodoma
9 Februari 2003

Castory mume wangu, furaha ya macho yangu,

Hujambo kipenzi? Mimi mzima, ila kitanda kimekuwa kipana mno tangu urudi Tanga. Wiki tatu za ndoa! Dukani kwa Joha wakiniita "mke wa Castory" nasahau hata nilichofuata. Mgongo je? Bado nakuona asubuhi ile uliposhindwa kuinama ufunge viatu, ukajifanya unanitania.

Mkeo,
Yasinta

Tanga
2 Machi 2003

Mke wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, nakuombea nawe uwe hivyo. Habari za mgongo usimwambie mtu. Kazi yangu kwenye boti hii ya kitalii ni mabega. Mitungi ya gesi ya jikoni ni ya chuma. Naibeba toka mjini hadi ufukweni, kisha naipandisha botini. Maji ya chumvi yameitia kutu, inakwaruza shingo. Kapteni wetu, Mzungu, ana gazeti lenye picha ya mtungi wa gesi wa plastiki uliozungushiwa nyuzi za kioo. Eti unauinua kwa mkono mmoja, na ukiuangalia kwenye mwanga unaona gesi iliyobaki! Bado anasitasita kuununua.

Juni tunakwenda Msumbiji. Nikirudi na malipo ya safari hiyo tunapandisha kuta za nyumba yetu Msalato.

Mumeo,
Castory

Chang'ombe
20 Machi 2003

Mpenzi wangu,

U mzima? Nina siri tamu! Siisemi ng'o. Utaifurahia, na mgongo wako utaifurahia zaidi. Jana nilikwenda Msalato nikasimama ndani ya msingi wetu, pale litakapokuwa jiko, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Mkeo mwenye raha,
Yasinta

Tanga
17 Aprili 2003

Yasinta,

Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Mitungi myepesi imefika. Gaudence, mpishi, anaibeba mwenyewe huku anapiga mluzi. Jana Kapteni aliniita akanipa barua. Niliutambua mwandiko kabla ya kufika kwenye jina. Umemwandikia Kiingereza kizuri sana: mume wangu anaumwa mgongo, hawezi hata kufunga viatu, tafadhali nunua ile mitungi. Kapteni machozi yalimlengalenga. Amesema hawezi kunipeleka Msumbiji katika hali hiyo, niende nikapumzike. Akanishika bega mbele ya wenzangu, taratibu, kama anamshika mgonjwa.

Usiniandikie tena botini. Sitakuwepo.

Castory

Chang'ombe
5 Mei 2003

Mume wangu,

Hujambo? Mimi sijambo kwa mwili tu. Barua hii naituma kwa dada yako Emiliana, labda atakuona. Uliniomba nisimwambie mtu, nami nikamwambia mtu mmoja tu, yule yule hasa ambaye hakupaswa kujua. Nilifikiri nakutua mzigo. Nisamehe. Niandikie hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Mkeo,
Yasinta

Chang'ombe
22 Juni 2003

Mume wangu,

Hujambo huko uliko? Hii nayo naipitisha kwa Emiliana.

Leo nimeitwa stendi. Konda wa basi la Tanga ananiambia, "Shemeji, mzigo wako huu, kautuma mumeo. Barua hakuna." Mtungi wa chuma, mtupu, rangi imebanduka yote. Sijui kama ni zawadi au ni kwaheri. Nimekataa mkokoteni, nikaubeba mwenyewe hadi nyumbani. Nimepumzika mara saba. Shingo imechubuka pale pale ilipochubuka yako.

Nimeutua nje, mlangoni. Jirani yangu Thomas alitaka kuuingiza ndani, nikamkatalia. Mtungi una mishikio miwili, Castory. Njoo tuuinue pamoja.

Mkeo,
Yasinta